Ruhusa ya Karani

Kwa miaka sita Bwana Bima hakuuza bima hata moja, na hakuna mtu mtaani aliyemshangaa. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro: meza, viti viwili, kalenda ya kampuni isiyokuwepo, na kabati la chuma lenye fomu zilizoanza kugeuka manjano. Watu walipanda ngazi, wakaambiwa mtandao uko chini, wakashuka. Mwambie mtu mtandao uko chini, atakuelewa papo hapo; haulizi mtandao gani.

Kazi yake hasa ilikuwa wakimbizi wa siasa, na kati yao alikuwa na mmoja tu wa maana. Huyo aliitwa Mhariri. Aliikimbia nchi yake, ng'ambo ya mpaka, gazeti lake lilipofungwa naye akaponea chupuchupu, na huku alikokimbilia alichapa gazeti la kurasa nane ambalo lilivushwa mpaka kwa kufungiwa bidhaa za dukani. Idara ya ujasusi aliyoitumikia Bwana Bima ilimpa karatasi, wino na ulinzi. Yeye aliipa idara habari za ndani ya serikali iliyomfukuza. Makubaliano yalikuwa mazuri tu, isipokuwa kwa jambo moja ambalo Bwana Bima aliligundua akiwa ameshazama: Mhariri hakuwa na habari yoyote. Mwenye habari alikuwa mkewe.

Na mkewe naye hakuwa nazo, ila alikuwa na mdogo wake. Mama Sare, kama mtaa mzima ulivyomwita kwa sababu alishona sare za shule, alikuwa na mdogo wa kiume aliyebaki kwao, karani wa masijala katika wizara ya ulinzi. Kila faili lililoingia na kutoka wizarani lilipita mezani kwake, na karani huyo alikuwa na kumbukumbu ya kutisha. Kila Jumamosi adhuhuri dada mtu alimpigia simu. Waliongea nusu saa, wakacheka, wakausengenya ukoo mzima, na katikati ya masengenyo yakapenyezwa mambo mawili matatu kwa namna waliyokubaliana. Mama Sare alimwambia mumewe, mumewe akamwambia Bwana Bima, Bwana Bima akaandika ripoti. Wakubwa wake waliisoma wakidhani huko kuna kikosi kizima, chenye watu na magari.

Karani aliamini anamsaidia shemeji yake na gazeti lake. Mama Sare aliamini hivyo hivyo. Na karani alikuwa na sharti moja: hamsikilizi mtu yeyote ila dada yake, kwa sauti yake mwenyewe. Mgeni atakayemjia na maneno ya chini chini, atamripoti kazini siku hiyo hiyo, asije akawa mtego. Wote walilisifu sharti hilo. Mhariri alisema shemeji yake ana akili kuliko wanasiasa wote waliowahi kupita gazetini mwake.

Miaka sita si mchezo. Bwana Bima alianza kula kwao siku za Jumapili kwa sababu za kikazi, akaendelea kwa sababu alikuwa mtu mpweke na pale palikuwa na kelele. Mama Sare alimwita shemeji. Siku moja, akiwa na pini kadhaa mdomoni, alimwambia, "Shemeji, wewe ni wakala wa ajabu. Hujawahi kujaribu kuniuzia bima hata ya hii cherehani." Akacheka. Bwana Bima naye akacheka. Tangu siku ile alijua kwamba mama huyu anajua, na kwamba ameamua kutouliza. Alimpenda kwa hilo, kama mtu anavyompenda dada yake. Katika mafunzo ya kazi yake kulikuwa na somo zima la kukataza jambo hilo, na alikuwa amelifaulu vizuri.

Basi, balaa lilianza na zawadi.

Kwenye makabati ya idara kulikuwa na orodha ya zamani: majina ya watu mia na ushee, wenye heshima zao, waliotia sahihi waraka wa kumuunga mkono mtawala wa nchi ile mwaka ambao wanafunzi walipigwa risasi. Ilikuwa imekaa tu, inakula vumbi. Bwana Bima akaona rafiki yake atafurahi. Akampelekea ndani ya bahasha ya bima, wala hakuisoma mpaka mwisho. Ukurasa wa tatu, karibu na chini, palikuwa na jina la mwalimu mkuu mmoja, marehemu, baba yake Mama Sare.

Mhariri aliliona. Mtu mwingine yeyote mwenye mke angeliruka, akala chakula chake, akalala. Lakini Mhariri alikuwa mtu wa misimamo, na watu wa misimamo wana tabia ya kuwatwisha wengine gharama zake. "Nikimruka mkwe wangu," alimwambia Bwana Bima baadaye, "hao wengine wote nitakuwa nimewaonea." Akalichapa. Mkewe hakumwambia, akitumaini hatasoma. Na kweli hakusoma. Aliyesoma ni mama mmoja aliyeleta mtoto wake kupimwa sketi, akauliza kwa upole, "Samahani, huyu hapa si marehemu baba yako?"

Mama Sare hakupiga kelele. Alimaliza kumpima mtoto, akaandika kiuno na urefu, akamsindikiza mteja mpaka mlangoni. Kisha akaifungua cherehani kutoka kwenye meza yake, akaita mkokoteni, akahamia chumba cha nyuma ya duka la dobi. Kuanzia wiki ile simu za Jumamosi zilibaki kuwa simu za ndugu wawili tu. Walimwomboleza baba yao upya, wakamsema Mhariri mpaka akaisha, na habari za wizara hazikutajwa tena.

Wakubwa wakaanza kuuliza mbona ripoti nyembamba. Bwana Bima akajikuta ni msuluhishi wa ndoa. Alikwenda kwa mume, akaambiwa ukweli ni ukweli. Alikwenda kwa mke, akaambiwa, "Shemeji, kaa chini unywe chai, lakini hilo usiliguse." Mwisho akapata wazo, akalipenda mwenyewe: baba amekufa, wa kumsemea Mama Sare ni ndugu yake wa pekee, basi aje huku, wakae kikao, ayamalize. Akamsukuma Mhariri awaombe jamaa wa mkewe wamshawishi. Wakampigia karani mmoja baada ya mwingine: mama mdogo, binamu, hadi shangazi ambaye kwa kawaida hapigi simu. Njoo umpatanishe dada yako. Njoo, ndoa inavunjika. Karani aliwajibu wote kwamba ana kazi, na kwamba shemeji yake aendelee kuungua kidogo. Bwana Bima aliona mambo yanaiva taratibu.

Ijumaa moja, saa tatu asubuhi, Mkubwa wake alipanda ngazi za duka la magodoro. Hakuwahi kufika pale. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaitazama kalenda, akavua miwani.

"Ng'ambo wamekuwa wakimtafuta aliyetoa ile orodha," alisema. "Wameingia masijala, wamepekua daftari la mafaili tangu mwaka juzi. Orodha hawakuikuta, maana haikutoka kule. Wamekuta mambo mengine. Kuna karani pale, na sasa najua ndiye kikosi chako chote; Jumatatu akiingia kazini hatoki."

Bwana Bima aliuliza wamejuaje.

"Tuna mtu. Mkubwa kuliko karani, mkubwa kuliko wizara. Kwa hiyo hatufanyi kitu. Karani akitoweka leo, watajiuliza nani kamtonya, na wataanza kumtafuta wa kwetu."

"Kwa hiyo tunamwacha."

"Umekaa nao sana," Mkubwa alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe badala ya kukuandikia. Nenda nyumbani. Pumzika mpaka wiki ijayo."

Alipoondoka, Bwana Bima alisikia hatua zake zikishuka, halafu akasikia muuza magodoro akimkaribisha ajaribu kulalia moja. Alikaa pengine dakika tano. Katika dakika hizo aliipitia hesabu yote, na kila njia ilirudi pale pale: orodha aliitoa yeye, kwa mikono yake, bila hata kuambiwa. Alimwonea huruma kijana ambaye hajawahi kumwona uso. Alijionea aibu. Kisha akavaa koti, akavunja amri, akaenda kwa Mhariri.

Alimkuta chumba cha uchapaji, vidole vyeusi, akisahihisha kurasa. Bwana Bima alimweleza kwa sentensi tatu. Mhariri aliweka kalamu chini, akakaa juu ya rundo la magazeti.

"Mpigie," Bwana Bima alisema.

"Hapokei simu yangu. Tangu lile toleo hapokei." Alitazama mikono yake. "Ni dada yake tu."

Basi la mwisho la siku ile la kuja mpakani lingeondoka mji ule saa nane mchana. Akilipanda, jioni yupo huku. Likimpita, kuna jingine Jumamosi asubuhi, na jingine Jumapili. Mpaka Jumatatu kulikuwa na nafasi, si nyingi, lakini zilikuwepo. Walitembea haraka mpaka kwa dobi, wakapita katikati ya mashati yaliyotundikwa, wakagonga mlango wa nyuma. Mama Sare alifungua, akamwona mmoja, akamwona wa pili. "Wewe ingia," alimwambia Bwana Bima. Mlango aliufunga, na mumewe akabaki amekaa kizingitini.

Chumba kilikuwa kidogo: kitanda, cherehani, vitambaa vya bluu vimepangwa kwa saizi. Harufu ya pasi ilipenya ukutani. Bwana Bima hakujua aanzie wapi, akaanzia mwisho. Jumatatu watamkamata mdogo wako.

Mama Sare alikuwa akikunja kola ya shati. Aliikunja mpaka ikakaa sawa.

"Nani kakwambia?"

"Watu wa kazini kwangu."

"Sawa. Sasa niambie lingine. Maneno ya mdogo wangu yalikuwa yanakwenda wapi?"

Angeweza kudanganya, ndiyo kazi aliyosomea. Akamwambia. Kwamba yalipita kwa mumewe yakafika kwake, na kutoka kwake yakapanda juu, miaka yote sita, kila Jumamosi. Kwamba gazeti lilipata makombo tu.

Mama Sare aliiweka kola chini. "Wewe nilijua ni nani," alisema. "Nilikuwa sijui mimi ni nani." Kisha akaichukua simu yake iliyokuwa juu ya cherehani. "Nimwambie nini?"

Hapo ndipo maji yalipowafika shingoni. Simu za watu wa wizara ile zilisikilizwa, na ya karani, wiki hii kuliko wiki zote. Akitamkiwa kwamba anatafutwa, hatafika hata kituo cha basi. Na namna zao za kupenyeza maneno zilitungwa kwa habari za wizara. Haikuwahi kumpitia mtu yeyote akilini kutunga ya kumwambia kimbia. "Mwambie aje," Bwana Bima alisema. "Leo. Asipitie popote. Sababu usiseme."

Karani alipokea mlio wa pili. Sauti yake ilikuwa changamfu, ya mtu aliye nje ya ofisi kwenye chai ya saa nne.

"Dada! Leo Ijumaa, umesahau siku?"

"Mdogo wangu, njoo huku. Panda basi la saa nane."

Karani akaangua kicheko. "Aisee! Na wewe wamekupata? Juzi mama mdogo, jana binamu, leo mwenye ndoa mwenyewe! Yaani shemeji ameshindwa kabisa, mpaka anakutuma wewe uniite nije nimtetee?"

"Siyo hilo."

"Ni lipi basi?"

Mama Sare alimtazama Bwana Bima. Bwana Bima alitikisa kichwa: usiseme. Akaendelea kukitikisa hata pale ambapo hapakuwa na haja tena.

"Njoo tu. Nakuomba. Lini niliwahi kukuomba kitu?"

"Dada, unalia?"

Alikuwa analia, kwa hofu, na hofu kwenye simu haina tofauti na uchungu. Sauti ya karani ikalainika. Bwana Bima alimsikia akivuta kiti. "Basi, basi, usilie. Kumbe umempenda hivyo yule mzee wa magazeti. Nitakuja. Mimi nilikuwa namkomoa kidogo tu. Nitakuja tukae tuyamalize, na baba atatusamehe sote. Ngoja nikaombe ruhusa."

"Usiombe ruhusa!" alipiga kelele. "Toka tu. Toka hivyo ulivyo."

"Dada, miaka kumi na moja sijatoroka kazi hata nusu siku. Nitoroke leo kwa ajili ya kikao cha ndoa? Watu watanionaje? Ngoja, bosi yupo, nitakupigia." Na simu ikakatika.

Alimpigia tena mara tisa. Iliita, ikaita, ikaita. Masijala hawaruhusu simu mezani; huwekwa kwenye droo ya mlangoni, na yeye alikuwa mtu wa kufuata utaratibu. Mama Sare alipiga huku akitembea kati ya kitanda na cherehani, hatua nne kwenda, nne kurudi. Bwana Bima alisimama katikati akimpisha. Aliwaza kumtuma mtu, akakumbuka sharti: mgeni yeyote ataripotiwa. Aliwaza kumpigia Mkubwa na kumlilia, alijua jibu. Wazo lake, lile alilolipenda, la kuwapanga mama mdogo na binamu na shangazi wapige simu, sasa lilikuwa limesimama mlangoni kwa karani, na hakuna neno la kweli lililoweza kulipita. Kama pasingekuwa na watu wa kumsumbua kijana yule kwa wiki tatu, sauti ya dada yake ikimwambia njoo leo ingemwinua kitini. Alimwambia Mama Sare hivyo, maana aliona angalau hilo ni haki yake kulijua. Mama Sare alibonyeza namba ile ile tena. Saa nane ikafika, ikapita.

Saa tisa na dakika kumi simu iliita. Namba ilikuwa ngeni, ya ofisini.

"Dada, hutaamini!" Karani alikuwa akipiga kelele kwa furaha. "Nimepewa! Siku saba! Mimi nimeomba tatu, bosi ameniongeza. Nimemweleza yote, kwamba dada yangu ana matatizo ya ndoa huko ng'ambo, wewe nisamehe kwa kukuanika, lakini ni mtu mzima, ameelewa. Yuko hapa pembeni, hii simu ni yake, kasema nisimalize salio langu. Nimewasha spika. Anakusalimia."

Sauti nyingine ikaingia, nzito, tulivu, ya mtu asiye na haraka. "Pole na matatizo, dada. Nyumba ni nyumba, haya mambo yapo. Usiwe na wasiwasi, ndugu yako tutamsafirisha sisi."

"Umesikia?" Karani alidakia. "Gari la wizara! Kesho alfajiri linanifikisha mpakani. Leo nalala nyumba ya wageni ya wizara, nisichelewe, hata begi wanakwenda kunichukulia nyumbani. Mimi, karani wa masijala! Leo ndiyo nimejua kumbe wananithamini."

Mama Sare alikuwa ameketi kitandani. Bwana Bima alitafuta kichwani mwake neno moja la kumpa, katika yote aliyofundishwa na yote aliyojifunza mwenyewe, na hakulipata.

"Dada? Na shemeji yupo hapo? Mpe simu. Mwambie nimemsamehe nusu, nusu nyingine nakuja nayo."

Mama Sare alinyanyuka, akafungua mlango. Mhariri alikuwa bado kizingitini, ameshika tama. Ukuta ulikuwa mwembamba, alikuwa amesikia kila kitu. Mkewe alimpa simu bila kumtazama. Yule mtu aliyeandika tahariri kila wiki kwa miaka ishirini, aliyefungiwa gazeti kwa maneno na kufukuzwa kwa maneno, aliiweka simu sikioni.

"Karibu, shemeji," alisema.

"Ahaa! Umeona umenyooka? Jiandae, mzee, nakuja na faini ya mdomo! Na mtoke mje kunipokea wote wawili, nisikute mmoja huku mwingine kule." Karani alicheka, na bosi wake akasikika naye akicheka, mbali kidogo na simu. Kisha akangoja. "Haloo? Mbona mko kimya hivyo? Wiki tatu mnaniita, sasa nakuja. Furahini basi!"

Mama Sare aliichukua simu kutoka mkononi mwa mumewe, akaishika kwa mikono miwili.

"Tumefurahi, mdogo wangu," alisema. "Tumefurahi sana."